Kinyozi Asiyesema Sijui

Mjomba wangu ni kinyozi, na mtaa mzima unamwita Redio. Si kwa sababu ya domo, ingawa domo analo, bali kwa sababu ya nyimbo. Mteja akikaa kitini, wimbo wowote ukaanza, wa juzi au wa enzi za babu zetu, akauliza, "Huu unaitwaje?", Mjomba hujibu kabla mashine haijafika kisogoni. Hutaja wimbo, hutaja mwimbaji, na akiwa na nafasi huongeza kisa: huyu aliuimba baada ya kuachwa na mchumba, yule kamba ya gitaa ilikatika katikati ya kurekodi wakaendelea hivyo hivyo. Watu hutoka pale wamenyolewa na wameelimika.

Mimi ni fundi cherehani. Chumba chetu ni kimoja, tumekigawa kwa pazia la maua. Upande wa barabarani kuna vioo, redio, kiti cha kuzunguka na benchi la wateja. Upande wa nyuma kuna cherehani yangu, meza ya kukatia na rundo la sare za shule ambalo haliishi. Miaka tisa nimeshona nikimsikiliza Mjomba bila kumwona, na miaka yote tisa sikuwahi kumtilia shaka.

Halafu nikanunua simu mpya. Dada wa dukani akaniwekea programu ya kutambua nyimbo: unabonyeza, unaiacha isikilize kidogo, inakutajia wimbo. Kesho yake, nikiwa napiga pindo, mteja akauliza, Mjomba akajibu, na mimi kwa kuchezea tu nikabonyeza. Simu ikaleta jina jingine kabisa. Nikasema moyoni, masikini, imekosea, ni mgeni wa mtaa. Nikaijaribu tena kwa wimbo uliofuata. Kufikia saa ya chakula cha mchana Mjomba alikuwa ameulizwa nyimbo kumi na moja, na alikuwa amepatia nne. Saba alizitunga, na lazima nikiri majina yake yalikuwa matamu kuliko yale ya kweli.

Nilicheka mpaka nikajichoma sindano. Wateja walipoisha nikafungua pazia nikamwekea simu mbele ya uso.

"Mjomba, haya ni mambo gani?"

Alivaa miwani, akasoma orodha yote taratibu, akaivua.

"Hii simu umeinunua lini?"

"Jana."

"Basi. Mimi nina miaka thelathini na sita kwenye kazi hii."

"Nne kati ya kumi na moja, Mjomba!"

Akajitupa kwenye kiti chake cha kunyolea, akazunguka kidogo huku na huku. "Sikiliza, mwanangu. Mtu amefumba macho, kichwa amekilaza nyuma, wembe uko kooni kwake. Anakuuliza kitu. Ukimwambia sijui, unafikiri atatulia? Ataanza kujiuliza, huyu na huo wembe je, anaujua? Kinyozi hana sijui."

Niliona ni upuuzi mtupu, na papo hapo niliona ana hoja. Nikaahidi kufunga mdomo wangu. Kusema kweli, nilimpenda zaidi siku ile.

Tungeendelea hivyo kwa raha zetu kama si Mwalimu. Huyu ni mwalimu mstaafu, ananyolewa na Mjomba tangu nywele zake zikiwa nyeusi zote. Alhamisi ile aliingia na vifungo vya shati vimepishana, yeye ambaye zamani alikuwa akiturudisha nyumbani kwa soksi chafu. Nilimwamkia kupitia pazia, akaitikia kwa sauti ya mtu ambaye hajalala.

Mke wake alikuwa amepatwa na kiharusi miezi miwili kabla. Mkono ulikuwa umeanza kurudi. Maneno hayakurudi.

"Haongei, Redio," alisema. "Hata jina langu. Ninamwona anajua anachotaka kusema, lakini hakitoki. Muuguzi wa mazoezi anasema tumpigie nyimbo alizozipenda, kuna watu huanzia hapo. Nikakumbuka ule wimbo wetu."

"Ule wa kwenye benchi," alisema Mjomba.

Kisa hicho nilikuwa nakijua. Walipokuwa wachumba, yule mama alikuja siku moja akakaa kwenye benchi kumsubiri mwenzake anyolewe. Kanda ya Mjomba ikapiga wimbo wa lugha ya mbali, ambayo hakuna mtu mtaani aliyeijua. Akauliza unaitwaje, Mjomba akamwambia, "Usinisahau Dirishani." Tangu siku ile ukawa wimbo wao. Kanda yenyewe ilitafunwa na redio miaka mingi iliyopita.

"Nimezunguka maduka yote," Mwalimu aliendelea. "Mwanangu ameutafuta kwenye mtandao wiki nzima. Hakuna wimbo wa jina hilo. Una uhakika, Redio?"

Mguu wangu ukaganda juu ya pedali. Sema, Mjomba, sema sasa.

"Kabisa," alisema Mjomba. "Niachie mimi mpaka Jumamosi."

Mwalimu alipoondoka bila hata kunyolewa, nilitoka nyuma ya pazia na mkasi mkononi. "Wiki nzima! Mtoto wa watu anatafuta kitu ulichokiokota hewani! Na mama wa watu amekaa kimya nyumbani!"

 Mjomba akazima redio.

"Jina nilitunga," alisema. "Lakini wimbo wenyewe ninao wote kichwani. Washa hiyo simu yako."

Nikawasha. Akaanza kuuimba puani, mstari wa kwanza ukaenda vizuri, wa pili akapotea. Akarudia, akapotea palepale. Akakasirika, akachukua mashine ya kunyolea, akaiwasha hewani bila kichwa cha mtu, na wimbo ukamtoka moja kwa moja bila kuyumba. Hapo ndipo nilipoelewa. Miaka yote ameimba huku mashine ikinguruma, na mngurumo ule ndio unaomshikia sauti. Bila huo hajui aanzie wapi. Lakini simu nayo ilikuwa haisikii kitu isipokuwa mashine. Wimbo haujapatikana, ikasema. Mara ya pili, ya tatu, haujapatikana.

Mwishowe niliifunga mashine kwa mataulo mawili na sweta la shule, nikamgandamizia sikioni kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia nikamshikia simu mdomoni. Mteja mmoja alifungua mlango, akatutazama, akaurudishia polepole. Mjomba hakumwona hata. Alikuwa amefumba macho, jasho linamtoka, anaimba. Simu ikazunguka, ikazunguka, kisha ikaleta jina refu la lugha ya mbali ambalo mpaka leo siwezi kulitamka. Nikabonyeza. Yakaja magitaa mawili, halafu tarumbeta.

Mjomba alikaa kwenye benchi la wateja akajifuta uso.

"Ndio wenyewe," alisema.

"Nitampelekea Mwalimu."

"Tutampelekea. Na atakayesema ni mimi."

Jumamosi asubuhi, siku ambayo benchi huwa halina nafasi, Mjomba alifunga duka. Yule mama alikuwa sebuleni kwenye kiti chenye mito, amechanwa nywele vizuri, khanga imekunjwa magotini. Mjomba alikataa kukaa. Alisimama karibu na mlango, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Mwalimu, shemeji. Wimbo nimeupata. Lakini hauitwi Usinisahau Dirishani. Hakuna wimbo wa jina hilo, haujawahi kuwepo. Siku ile mliponiuliza nilikuwa sijui, nikatunga. Na Alhamisi umeniuliza tena, Mwalimu, nikakudanganya tena. Nisameheni."

Mwalimu alimtazama juu hadi chini. Ule uso nilikuwa naujua tangu darasani, na nilitamani kuingia chini ya zulia.

"Miaka thelathini na mbili," alisema. "Kila mwaka wa ndoa yetu nimemwandikia kadi. Kila kadi ina jina hilo."

Mjomba aliinamisha kichwa. Mimi nikabonyeza simu.

Magitaa yakaanza. Yule mama hakusogea. Tarumbeta ilipoingia aliinua uso, akageuka, na hakumgeukia mume wake. Alimgeukia Mjomba. Akamkazia macho. Midomo ikaanza kujikusanya, ikaachia, ikajikusanya tena.

"Mwo," alisema. Akapumua. "Mwongo."

Neno zima, kavu, halina kasoro. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na nikaona kwamba anacheka.

"Ndiyo, shemeji," alisema Mjomba. "Mwongo kabisa."

Mwalimu alikuwa tayari amepiga magoti mbele ya kile kiti, ameushika mkono wa mke wake kwa mikono yake yote miwili, machozi yanaingia kwenye ndevu ambazo hakuna mtu aliyezinyoa wiki ile.

"Mwambie tena, mke wangu," alisema. "Mwambie tena."