Nilivyokwenda Bukoba Kumchukua Koku

Nilikwenda Bukoba kumchukua binti yangu Koku na mtoto wake mchanga. Miaka ile ya ujamaa alikaa na mumewe, Mugisha, bondeni karibu na ziwa, na mvua ikinyesha maji ya vyoo vya mji yaliwaingilia uani. Mtoto akawa anaharisha. Nikasema basi. Mjukuu wangu hatakulia kwenye kinyesi cha watu na kibanja chetu cha migomba kipo Izigo.

Asubuhi nilipanda lori la ushirika, juu ya magunia ya kahawa. Tulipofika Kemondo, dereva alitazama mawingu. "Mama, leo utalowa."

"Nimelowa kabla hujazaliwa. Endesha."

Nilipofika Bukoba, Koku alimwacha mtoto amelala kwa jirani, akanishika mkono. "Mama, kabla hujatuchukua, njoo uone. Wameweka lango la maji."

Njiani akanieleza. Kuna mtu juu ya kilima cha Nshambya. Mvua ikianza kule, anapandisha kitambaa chekundu. Mugisha, aliyepewa kazi ya lango, akikiona, anazungusha gurudumu la chuma, na maji machafu yanageukia bwawani badala ya kushuka kwenye nyumba. Mvua ikikatika anayaachia kidogo kidogo.

Langoni, Mugisha aliponiona aliacha gurudumu, akaja akapiga magoti kwenye tope.

"Shikamoo mama. Waitu, mmeshindaje Izigo? Baba hajambo? Migomba je?"

Salamu za mkwe kwetu, na hiyo "waitu" ya heshima, ni ndefu, naye hainuki mpaka ziishe. Nilikuwa bado najibu habari za migomba, Koku akapiga kelele: "Kitambaa!"

Kweli, kilikuwa juu kilimani. Mugisha aligeuza shingo tu, magoti palepale.

"Inuka, mkwe."

"Mama, sijamaliza kukusalimu."

"Mtoto yuko kule chini! Nisalimie kwa mgongo!"

Akakimbia. Alizungusha hadi mishipa ikamsimama. Maji meusi yalipanda mpaka ukingoni, yakasitasita, kisha yakageukia bwawani kwa kishindo.

Tulishuka mbio. Uani palikuwa na maji ya mvua tu, hayanuki. Kwa jirani, mtoto bado amelala.

Nilikaa hadi nikaona mvua nyingine ikipita vilevile, ndipo nikarudi Izigo peke yangu. Mume wangu akauliza, "Koku yuko wapi?"

"Kwake."

"Na mkwe alikusalimu vizuri?"

"Hakumaliza. Nilimkatiza mimi."

Mzee aliguna, akanuna hadi chakula cha jioni. Mimi wanawake wenzangu nimewaambia: ukimkuta mkwe wako langoni, na mawingu yamekaa Nshambya, pita kimya. Atakusalimu kukikauka.