Wakili wa Mchwa

Kaka yangu ni fundi wa kuchomelea. Tumbo moja, ziwa moja, yeye wa kwanza na mimi kitinda mimba. Mikono yake ina makovu madogo kama punje za mchele, macho huwa mekundu kila jioni, na hawezi kupita karibu na chuma bila kukigonga. Geti, bomba, dirisha la watu, hata kitanda cha mwanangu alipokuja kumwona mara ya kwanza. Anakunja kidole, anagonga mara mbili, anasikiliza. Mama yetu alikuwa akisema siku akienda kuposa atagonga kwanza mlango wa wakwe asikie kama umechomewa vizuri, ndipo apige hodi.

Yeye ndiye aliyemjengea mume wangu roshani ya ukumbi wa video. Ukumbi wenyewe zamani ulikuwa ghala la chumvi. Mume wangu aliupangisha tukiwa bado wachumba, akatia mabenchi, kitambaa cheupe na spika mbili. Watu walipozidi, kaka akaingiza vyuma vinane ukutani, akapanga mbao juu yake na kuweka ngazi pembeni. Tangu hapo watu kama arobaini hukaa juu, na wengine hukaa chini yao.

Mume wangu hukaa mezani karibu na kitambaa, kipaza sauti mkononi, anatafsiri picha inavyokwenda. Stelingi, yule shujaa wa picha, anamsemea kwa sauti nene, adui kwa sauti ya puani. Majina ya kigeni huyatupilia mbali, anatia yake. Kwa hiyo ile picha iliyojaza ukumbi wiki tatu mfululizo, stelingi wake sisi tulimjua kwa jina la Fuawe, kijana asiyevunjika, na adui wake akaitwa Mchwa, kwa sababu kila chuma anachokigusa kinaliwa kwa ndani mpaka kinaanguka.

Ukumbi wetu una desturi moja. Stelingi akitokea mara ya kwanza, watu hupiga miguu. Wote, juu na chini, mpaka vumbi litoke. Picha isiyopigiwa miguu hairudiwi.

Picha ikiisha, ubishi unahamia nje kwenye benchi la mlangoni. Kinyozi wa jirani ndiye aliyekuwa mwenyekiti, maana aliiona mara kumi na moja. Binti wa duka la dawa alikuja bado amevaa koti lake jeupe. Na kaka yangu alikuja na vitabu vyake vya katuni, vile ambavyo picha ilitolewa humo, vikuukuu, amevifunga kwa waya.

"Adui ni adui," kinyozi alisema. "Huyu kazaliwa mbaya. Hukumwona anavyocheka daraja likikatika?"

"Kitabuni hakucheka," kaka akajibu. "Kitabuni alikuwa fundi kama mimi. Akaugua ugonjwa huo. Usiku mmoja alishika kitanda cha mwanawe, asubuhi mguu wa kitanda umekatika. Ndipo akaondoka nyumbani, asije akamdhuru mtoto."

"Si angevaa glavu?" binti akauliza.

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kinyozi alipopata pumzi akasema, "Tuseme alikuwa mwema. Mtu mwema anaondoka bila kumuaga mkewe?"

"Aliaga."

"Ukurasa wa ngapi?"

Kaka akafungua kitabu, akafunua, akafunga. "Ukurasa umechanika."

"Loo! Ukurasa wa utetezi ndio uliochanika! Wakili gani wewe unakuja mahakamani na faili lililoliwa na panya?"

Tangu siku hiyo wakamwita Wakili wa Mchwa. Hakuchukia. Alikuwa akipita barabarani na mitungi yake ya gesi, watoto wanamwita, yeye anawapungia. Mimi nilikuwa nafurahi, maana kaka yangu ni mpweke, na benchi lile lilimpa watu.

Siku moja asubuhi nilikuwa nafagia ukumbi, mtoto mgongoni, nikaona unga mwekundu juu ya benchi lililo chini ya roshani. Nikadhani ni wadudu wa mbao. Nikapangusa. Kesho yake ukawepo tena, mahali palepale. Siku ya tatu nikamwita kaka.

Alikuja na nyundo ndogo. Akapanda juu ya benchi, akagonga chuma cha kwanza karibu na ukuta. Kikalia, mlio mrefu, mzuri. Cha pili nacho kikalia. Cha tatu hakikulia. Kilitoa sauti kama ya mtu anayekohoa huku amejiziba mdomo. Kaka akakigonga tena. Akatoa bisibisi, akaikwaruza rangi pale chuma kinapoingia ukutani, kisha akaisukuma. Bisibisi ikazama kama inaingia kwenye mkate.

Akagonga vyote mpaka mwisho, kisha akashuka, akakaa.

"Chumvi," akasema. "Ukuta umekunywa chumvi miaka yote ile. Unyevu ukiingia, chumvi inakula chuma humo humo ndani. Huku nje rangi inameremeta."

"Vingapi, kaka?"

"Vitano."

Akaitazama mikono yake. Kazi ile ilikuwa yake, na kila mtu alijua ni yake. Mtoto akaanza kulia, nikaanza kumbembeleza.

Kosa lake ni kwamba alikwenda kuyasema benchini. Angemwita mume wangu pembeni, pengine yangekuwa mengine. Lakini kaka hajui mambo ya pembeni. Jioni hiyohiyo, katikati ya ubishi wa nani atashinda katika sehemu ya pili, alisimama akasema, "Shemeji, roshani ile imeliwa. Vyuma vitano kati ya vinane. Mtu asipande tena."

Kinyozi akajipiga paja.

"Umeigusa wewe!"

Kicheko kilichotoka hapo kilisikika mpaka ng'ambo ya barabara. Binti akamwambia, "Wakili, nenda kavae glavu!" Mume wangu naye akacheka. Kaka akawatazama mmoja mmoja, akatabasamu vile mtu anavyotabasamu akikanyagwa mguu na mgeni.

Nyumbani nikamwambia mume wangu kwamba mimi niliiona ile bisibisi inavyozama.

"Mama mtoto," akasema, "kaka yako alipojenga roshani ile aliniapia kwamba itatuzika sote. Leo anasema imeoza. Nimwamini yupi, yule wa jana au wa leo?"

"Wa leo."

"Jumamosi sehemu ya pili inaingia. Watu wameingoja mwaka mzima. Nikifunga juu, niwaweke wapi? Aje Jumatatu, akague."

"Ameshakagua."

"Usinitie nuksi," akasema, akageukia ukutani. Si mtu mbaya. Huyu ndiye anayeamka kumbadilisha mtoto nikilala. Lakini ana shingo ngumu, na watu wakishamcheka mtu mbele yake, yeye huona kesi imekwisha.

Ijumaa kaka akanunua kopo la rangi nyekundu. Akaandika ngazini, herufi kubwa, kila kipandio neno lake: HATARI. MSIPANDE. VYUMA VIMELIWA. Akaandika tena kwenye nguzo mbili, na rangi ikachuruzika kidogo.

Jumamosi saa nane watu walianza kuingia. Nilikuwa mlangoni. Wa kwanza alipoona ngazi akapiga mbinja. "Jamani, njooni muone! Wamepamba!" Wakaja mbio. Wakasimama mbele ya yale maandishi, wakapigana picha, wengine wamekunja vidole kama Mchwa anavyofanya. Hakuna aliyeona onyo. Waliona ukumbi wao umevishwa kwa ajili ya picha, kama mji wa Fuawe unavyokuwa Mchwa akishapita. Waliokuwa na desturi ya kukaa chini, siku hiyo wakataka kukaa juu.

Mume wangu alifika, akayaona, akakunja uso. Kisha akaona watu wanavyofurahi. Uso ukakunjuka. "Wacha iwe," akaniambia.

Kaka alikuwa amesimama kwenye ngazi, mikono ameitandaza. "Sifanyi mchezo. Wallahi sifanyi mchezo. Rudini chini."

"Adui mwenyewe yupo!" kinyozi akasema. "Leo umetukomesha, Wakili. Yaani umeiva kabisa." Akampigapiga begani kwa mapenzi, akapita chini ya kwapa lake, akapanda. Na wengine wakafuata, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akimpigapiga begani. Wangempiga kweli, labda nisingeumia kama nilivyoumia pale. Nilihesabu waliopanda mpaka hamsini, nikaacha.

Kaka akashuka. Akaenda chini ya roshani, akawaambia waliokuwa hapo wasogee mbele. Hawakutaka. Akawa anasimama mbele ya kila mmoja, anamziba asione kitambaa, mpaka mtu anaguna na kuhama. Walipokwisha kuhama wote, akakaa peke yake pale chini, karibu na chuma cha tatu, mgongo ukutani, kichwa amekiinamisha. Hakuitazama picha. Alikuwa akisikiliza.

Taa zikazimwa. Picha ikaanza.

Mume wangu alikuwa ameiangalia nyumbani asubuhi ili ajue maneno, nami nilikuwa nikinyonyesha pale pembeni. Kwa hiyo nilijua. Katika sehemu ya pili stelingi hatokei mwanzo. Kwanza mji unaungua. Watu wanakimbia, Mchwa anasimama juu ya mnara anazungumza. Halafu moshi unajaa kila mahali, moshi mtupu, muda mrefu, na ndani ya moshi mlango unafunguka. Fuawe yuko nyuma ya mlango ule, na akitokea tu, miguu yote itapigwa.

Mji ulishaanza kuungua. Kwenye mwanga wa projekta nikaona unga unashuka kutoka roshani, mwembamba, kama mtu anachunga unga polepole. Watu wa juu walikuwa wametulia, wanangoja. Nilisikia mbao zinavyobana pumzi.

Mchwa akapanda mnarani. Mume wangu akamsemea kwa sauti ya puani, na watu wakacheka, na nilipomtazama kaka sikumwona tena vizuri kwa giza, nikaona magoti yake tu.

Sikufikiri sana. Nilimfungua mtoto mgongoni, nikapita katikati ya watu nimeinama, nikamweka mapajani kwa baba yake. Akashtuka, "Vipi?" Nikaenda mpaka chini ya roshani, nikakaa kando ya kaka yangu.

"Dada, toka hapa," akanong'ona.

"Tutatoka wote."

Moshi ukajaa kitambaani. Kwenye spika hakukuwa na tafsiri. Kulikuwa na pumzi ya mtoto, maana alikuwa amekamata kipaza sauti na kukitia mdomoni. Pumzi ndogo, ikitoka kwenye spika mbili kubwa, ikajaza ghala lote. Mwangani nilimwona mume wangu ananitazama mimi, halafu anatazama juu yangu.

Akanyoosha mkono, picha ikaganda.

Watu wakapiga kelele. "Aaah! Endesha!" Mume wangu akamnyang'anya mtoto kipaza sauti.

"Shukeni," akasema. Sauti haikuwa nene, wala ya puani. "Mmoja mmoja. Mtu asikanyage kwa nguvu. Mke wangu yuko chini yenu."

Hapo hawakucheka. Walishuka wakiguna, kisha bila kuguna, wengine wamevua viatu. Kaka akawa ananisukuma kwa bega, tukajiburuta ukutani mpaka nje ya kivuli cha roshani. Kinyozi alikuwa wa mwisho. Alipotia mguu kipandio cha nne, chuma kikakohoa, na roshani yote, na mabenchi yake, ikashuka upana wa kiganja. Ikasimama. Kinyozi hakutelemka vipandio vilivyobaki. Aliruka.

Tulitoka nje, jua kali bado. Kinyozi akaanza kumfutafuta kaka vumbi jekundu begani. Mume wangu alikuwa amemkumbatia mtoto.

"Itaanguka lini, shemeji?"

"Sijui," kaka akasema. "Inaweza kuwa sasa hivi. Inaweza kuwa mwezi ujao."

Mlango ulikuwa wazi. Ndani projekta ilikuwa bado inawaka, kitambaa kimejaa moshi uliosimama, na hapakuwa na mtu aliyejitolea kuingia kuizima.