Zamu Yangu ya Simu Tano

Madam alipokwenda kazini alifunga mlango kwa nje. Hakufanya hivyo kwa hasira. Siku ya kwanza alinionyesha ufunguo na kunieleza kwa upole kwamba jengo lina watu wengi, hataki nigongewe mlango na mtu nisiyemjua. Simu yangu alikuwa ameshaiweka kabatini mwake, kwa upole huo huo: ningeipata kila Ijumaa. Ijumaa ya kwanza alikuwa na wageni. Iliyofuata alisahau. Nilipomkumbusha, uso wake ulibadilika, nikashinda nikisugua upya vigae vya bafu vilivyokuwa safi tayari. Nikaacha kumkumbusha.

Tulikaa ghorofa ya juu, mtaa wa Al Qusais, Dubai. Dirisha la jikoni lilifunguka upana wa kiganja. Nikisimama hapo niliona metro ikipita, na ndege zikishuka kuelekea uwanjani, chini kiasi kwamba magurudumu yalionekana.

Mume wa madam alikuwa mtu wa safari za biashara. Aliyebaki nyumbani ni binti yao wa pekee, wa miaka kumi na minne. Wiki za mwanzo hakunisemesha. Akitoka shule alifungua mlango kwa ufunguo wake, akaufunga tena, akajifungia chumbani, na muziki ukasikika kwa mbali, kama umefunikwa na mto. Nilidhani ni maringo.

Kisha asubuhi moja, mama yake akiwa ameshatoka na basi la shule bado halijafika, aliniita. Juu ya kitanda alikuwa amepanga simu tano, nyingi zikiwa kuukuu, mojawapo kioo kimepasuka. Zote zilionyesha vijana wale wale wa Kikorea, wenye nywele za waridi na buluu, wakicheza katika ukumbi mweupe.

"Unajua kutumia hizi?"

"Simu najua."

"Wimbo wao mpya umetoka leo. Dunia nzima tunautazama ili upande juu kwenye chati. Mimi nitakuwa shule. Nataka unisaidie."

Nilimuuliza kwa nini asiziache simu ziurudie wimbo zenyewe. Alinitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini mtoto mchanga asijinyonyeshe.

"Hapana! Ukijirudia, mtandao utadhani ni mashine, hautahesabu. Lazima mtu autafute wimbo kwa jina, autazame mpaka mwisho, atazame kitu kingine kidogo, halafu autafute tena. Usizime sauti. Na tangazo usiliruke."

"Na kwa nini mimi?"

"Kwa sababu wewe huendi popote."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anasema kilichopo.

Basi nikawa na kazi juu ya kazi. Nilizipanga simu kwenye sinia na kutembea nazo: nikipiga pasi ziko kando ya nguo, nikikatakata vitunguu ziko karibu na jiko. Mwanzoni wimbo ulinichosha. Baadaye nikaanza kusoma maoni yaliyoandikwa chini yake. Kulikuwa na watu wa Brazili, Indonesia, Ufaransa, na wengine waliotumia maandishi nisiyoyajua hata yanaanzia upande gani. Mmoja alitafsiri mashairi kabla jua halijachwa kwao. Mwingine alipunguza kasi ya video ili kufundisha hatua za miguu. Bibi mmoja alirekodiwa na wajukuu zake akicheza na mwiko mkononi. Wote hao walikuwa wakiusukuma wimbo wa lugha ambayo wengi wao hawaijui, nao ukaenda, ukaingia hadi kwenye nyumba iliyofungwa kwa ufunguo. Mimi sikuweza hata kushuka kutupa taka. Kuna siku wazo hilo lilinipandisha hasira, nikazifunika simu zote kwa taulo.

Ilikuwa katika kusoma maoni hayo ndipo nilipoona, katikati ya mioyo na vikatuni, maneno haya: "Jamani, Waswahili tupo humu?" Chini yake mtu wa Unguja ameitikia, na mwingine wa Nairobi. Nilikaa sakafuni. Tangu nifike nilikuwa sijasoma hata neno moja la Kiswahili. Nikaandika kwa akaunti ya binti: "Nipo. Niko Dubai."

Aliyenijibu alikuwa mwanamke wa Mombasa. Tulisalimiana, kisha akaniandikia pembeni, pasipoonekana na wengine. Nilimweleza kwa kifupi. Namba ya mama yangu kule Kitale niliijua kwa kichwa, nikamwomba ampigie. Kesho yake nilikuta ujumbe:

"Mama yako anasema mguu umepona. Ng'ombe amezaa. Anauliza kama unakula. Amelia, halafu amenigombeza mimi kwa nini sikumpigia mapema."

Nilicheka peke yangu jikoni, nikalia, nikausoma tena. Nilipaswa kuufuta. Sikuweza.

Binti aliporudi aliuona, akabonyeza mahali pa kutafsiri. Alitoka chumbani bado amevaa sare za shule.

"Umeandika kwenye akaunti yangu!"

"Ndiyo."

"Mama akijua nina simu hizi, khalas, nimekwisha. Baba hataki hata kuusikia huu muziki. Unafikiri kwa nini nazificha kwenye maboksi ya viatu?"

Hilo sikulijua. Nilidhani aliufungia muziki chumbani kwa kupenda.

"Sijazungumza na mama yangu tangu nije hapa," nikamwambia.

"Tangu uje? Simu yako iko wapi?"

"Iko kabatini kwa mama yako."

Alirudi chumbani, akafuta ujumbe wote, na asubuhi iliyofuata simu hazikutolewa. Wala siku zilizofuata. Nyumba ilikuwa kimya kiasi cha kusikia friji ikiwaka na kuzima. Zamani kimya hicho nilikivumilia kwa sababu sikuwa na cha kukilinganisha nacho. Sasa nilijua kwamba mama ameuliza swali, na mimi sijamjibu kama nakula.

Ikaja wiki ya kuwapigia kura wale vijana wapate tuzo. Binti alisimama mlangoni pa jikoni, akizungusha kamba ya begi kidoleni.

"Bila wewe sitaweza," alisema.

Nilifuta mikono. "Nitazilinda. Lakini Ijumaa, mama yako akilala mchana, nataka simu moja."

"Na akiamka?"

"Wewe utakaa sebuleni. Ukikohoa, nitajua."

Tukafanya hivyo. Kupiga simu kwa mtandao kule kulikuwa kumezuiwa, na simu zile hazikuwa na laini, kwa hiyo nilirekodi sauti, nikamtumia yule dada wa Mombasa. Yeye alimpigia mama simu ya kawaida, akaichezesha sauti yangu karibu nayo, kisha akarekodi majibu. Sauti ya mama ilinifikia ikiwa imepita simu mbili, inakwaruza, huku jogoo akiwika nyuma yake. Sebuleni binti alikaa wima kama askari.

Mkataba ulipokaribia kwisha, madam aliniomba niongeze. Nilikataa. Alishangaa, maana kwa hesabu yake hakuwahi kunipigia kelele. Nadhani alisema kweli. Alinirudishia simu yangu imezima, ikiwa ndani ya mfuko safi wa plastiki, na siku hiyo hiyo nikaona mezani picha ya msichana atakayeletwa na wakala kuchukua nafasi yangu.

Siku ya mwisho binti alinisaidia kufunga begi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alikuwa na macho mekundu.

"Nani atazilinda sasa?"

"Huyo anayekuja. Lakini mpe simu amtafute mama yake kwanza. Siku ile ile anayofika, usingoje."

"Na akinisemea kwa Mama?"

"Hutajua mpaka umpe."

Aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu ambaye bado hajaamua. Kisha dereva akapiga honi chini, madam akatufungulia mlango, nikatoka. Sijui kama alimpa.