Gia ya trekta langu niliikuta imetundikwa shuleni, inagongwa kama kengele

Wakuu, heshima zenu. Wakubwa shikamooni, wadogo mambo vipi.

Mimi kwenye mambo ya vyuma hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Nimefungua injini mvua ikininyeshea mgongoni, nimefunga pampu ya dizeli kwa waya wa kuanikia nguo na ikapiga kazi wiki mbili. Fundi hajaniweza, dalali wa spea hajaniweza.

Isipokuwa mara moja. Na aliyeniweza hakuwa fundi wala dalali.

Nimeona humu vijana wanaulizana wapi watapata spea used za matrekta ya zamani kwa bei nafuu. Nikasema ngoja niwape ya kwangu, na nitaisema kweli tupu, hata pale panaponitia aibu. Kuna sehemu mbili za habari hii ambazo hata mke wangu nilikuwa nampa zikiwa zimepigwa rangi.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa Kilwa, shule niliishia darasa la tatu. Watu wakiniuliza kwa nini, huwa nawajibu kwamba hesabu nilizozihitaji nilikuwa nimeshazimaliza. Nimeuza chumvi kwa baiskeli, nikauza mitumba, nikaingia kwenye ufuta. Miaka ile ya ruksa ya biashara ilipofika, wenye vyeti wanasubiri mshahara, mimi nina hela mfukoni.

Shamba moja la serikali lilikufa, wakapiga mnada. Nikanunua trekta jekundu la Kiingereza, silinda tatu, na plau lake la sahani tatu. Kwa watu binafsi pale Miteja mimi ndiye nilikuwa wa kwanza. Hilo liwekeni kumbukumbu.

Sasa mama mkwe wangu yupo hapo hapo Miteja. Kulikuwa na harusi ya shemeji yangu, watu wamejaa, pilau linapakuliwa. Nikasimama nikasema kwa sauti ya kufika hadi jikoni: "Mama, mwaka huu jembe la mkono tundika ukutani. Wewe na majirani zako wote, nawalimia mimi kabla ya mvua ya kwanza."

Vigelegele vikapigwa. Kaya kumi na mbili zikaacha kutafuta vibarua kwa sababu ya mdomo wangu.

Nimelima siku mbili tu, nikasikia nyuma kra, kra, kra. Halafu injini inanguruma, gia iko ndani, magurudumu hayaendi.

Nilikuwa na fundi wangu, Mmakonde mmoja aliyeteremka kutoka uwanda wa juu, jina lake Damiani. Akafungua difu, akaingiza mkono, akatoa meno kiganjani kama mtu aliyepigwa ngumi.

Kwa wasiojua: ndani ya difu, ile sehemu ya nyuma inayopeleka nguvu kwenye magurudumu, kuna gia kubwa ya duara, krauni, na gia ndogo inayoizungusha, pinioni. Zote mbili kwisha habari.

Nikaenda Lindi mjini kwa Mzee Jafari, Mhindi mwenye duka la vyuma, mtu wa utani sana. Akaniambia anazo mpya, mbili pamoja, kwenye boksi lake. Laki moja na sitini na tano elfu.

Nikacheka. Nikamwambia, "Mzee Jafari, mimi hata shati sijawahi kununua jipya."

Akaniangalia kola. "Naona, bwana."

Wakati huo wanunuzi wa chuma chakavu walishaanza kuzagaa kila mahali. Nikasikia kuna mmoja Kitomanga. Nikaenda, nikachimbua lundo lake kutwa nzima, na mchana wa pili nikaipata pinioni, meno yote yapo, inang'aa. Akataka elfu ishirini, nikamlaza kwa elfu kumi na mbili. Krauni hakuwa nayo, lakini nikajiambia krauni nitaikosa wapi?

Nikarudi Miteja kifua mbele. Damiani akaipokea, akaigeuza, akaanza kutikisa kichwa.

"Bosi, mwenzake yuko wapi?"

"Mwenzake tutatafuta mwingine."

"Hakuna mwingine. Hizi zinasagwa pamoja kiwandani, zinaandikwa namba moja. Ukimpa huyu krauni ya mtu mwingine watatafunana ndani ya wiki." Akanionyesha, namba ndogo nne zimegongwa kichwani. "Umeoa nusu ya mke, bosi."

Vijana, hapo ndipo somo la kwanza lilipo. Mimi bingwa wa vyuma nilikuwa silijui.

Nikarudi Kitomanga tena. Yule wa chakavu akakumbuka kwamba pinioni ile ilitoka milimani, kijiji kimoja kupita Kipatimu, kwenye trekta la kijiji la enzi za ujamaa.

Wanaoijua barabara ya Kipatimu ya miaka ile hawahitaji nieleze. Nilipanda juu ya lori lililokuwa linakwenda kufuata machungwa. Tulishuka kusukuma mara nne.

Nikafika kijijini asubuhi, naulizia trekta la zamani. Wananionyesha bodi limeoza, kuku wanataga ndani. Difu tupu. Ndipo nikasikia NGAAAA, ngaaaa, ngaaaa. Sauti nyembamba, ndefu, inapita juu ya mabonde kama haina mpango wa kuisha. Watoto wakaanza kukimbia.

Nikaifuata. Pembeni ya darasa kuna nguzo mbili na boriti, na kwenye boriti imetundikwa kwa mnyororo krauni yangu.

Nikapanda juu ya jiwe, nikafuta kutu kwa kidole. Namba nne, zile zile. Walikuwa wanaigonga mgongoni, kwa hiyo meno yalikuwa mazima kabisa.

Uso nikauweka wa kawaida. Nikamfuata mwalimu mkuu, nikajitambulisha kuwa natoka Miteja, nikamwambia nimewaonea huruma watoto, chuma gani hicho kimechakaa, ngoja nikichukue niwaletee kengele ya maana.

Mwalimu akavua miwani. "Kaka, umetoka Miteja juu ya lori kuja kutuonea huruma kengele?"

Wazazi waliokuwa wanaezeka darasa juu wakacheka mpaka mmoja akadondosha makuti. Nikaona mchezo umeisha, nikasema ukweli: trekta, mama mkwe, kaya kumi na mbili, mvua.

Wakasemezana kwa Kimatumbi pale, mwalimu akanijibu kwa niaba yao. Hela hawataki, hela haigongwi. Lete chuma kingine chenye sauti ya kufika ng'ambo ya bonde, kwa sababu nusu ya watoto wanatoka huko na saa hawana. Kikisikika, krauni chukua.

Mimi nikaona hii deal rahisi kama kumeza mate. Chuma ni chuma. Nikanunua rimu ya lori elfu sita, nikapata na kipande cha reli kilichotoka shamba la mkonge. Siku ya nne nikarudi navyo.

Jaji wao alikuwa mama mmoja, Bi Somoe. Zamani ndiye aliyekuwa anawapikia walimaji wa shamba la ujamaa, na nyumba yake iko ule upande wa pili, juu kabisa. Utaratibu ni huu: yeye anakwenda kusimama kwake, mwalimu anagonga huku, akisikia anainua kanga, huku wanaona.

Nikasema huyu mama atanibania. Nikamwamkia, nikamwambia nafuatana naye. Akasema, "Marahaba. Kama magoti unayo, twende."

Tulishuka bonde tukapanda, saa nzima. Yeye na miaka yake anaongea njia nzima, mimi natafuta pumzi.

Tulipofika akavua kanga ya begani akanikabidhi. "Si huniamini? Shika mwenyewe. Ukisikia, inua." Akakaa kwenye kigoda, akanipa mgongo, akaanza kumenya chungwa.

Nikatazama ng'ambo. Nikamwona mwalimu, mdogo kama kiberiti, anainua mkono na kugonga rimu. Kimya. Akagonga tena. Kimya.

"Umesikia?"

"Kuna upepo, mama."

"Upepo upi? Hata jani halijatikisika."

Ikaja zamu ya reli. Mkono wa mwalimu unapanda, unashuka. Mimi masikio nimeyatega mpaka yanauma. Hamna kitu.

Wakuu, hapa ndipo pa kwanza nilipokuwa napapaka rangi. Kanga iko mkononi mwangu. Mama kanipa mgongo. Nikiinua tu, krauni yangu. Kesho kutwa difu limefungwa, mama mkwe kalimiwa, jina langu limesimama. Na mkono ulianza kupanda, sitawaficha. Ulifika usawa wa kifua.

Nikaikumbuka shule yangu. Darasa la tatu sikuacha kwa sababu ya kujua hesabu. Kwetu tulikuwa tunakaa mbali na kengele haikufika. Nilikuwa nachelewa, nachapwa, nachelewa, nachapwa, mpaka siku moja nikaona bora nikachunge mbuzi wa watu kuliko kwenda kupigwa. Basi. Ndiyo elimu yangu hiyo.

Mkono nikaushusha. Nikamrudishia mama kanga yake. "Haisikiki," nikasema.

Akamaliza kipande chake cha chungwa, akatema kokwa. "Najua. Na mimi sina masikio mabovu kiasi hicho." Kisha akageuka. "Wewe mwenye trekta, plau lako ni la sahani?"

"La sahani tatu."

"Zimelika?"

"Sana."

"Basi umehangaika kubeba mizigo bure. Dereva wetu alikuwa akitaka chakula anagonga sahani ya plau kwa spana, nami niko huku jikoni kwangu nasikia. Lete iliyolika. Nyembamba ndiyo inalia. Mpya ni bubu."

Yaani mimi, mwenye trekta, nimekaa juu ya sahani zile misimu miwili, nafundishwa sauti yake na mpishi.

Nikateremka Miteja, nikafungua sahani moja, nikaibeba kichwani kurudi nayo. Safari hii nilibaki upande wa shule. Mwalimu akagonga mara moja tu. Ile sauti ilitoka pale ikaenda zake, na hata kabla haijaisha nikaona kule juu kanga nyekundu imepanda, inapepea. Watoto wakashangilia utadhani goli. Sioni haya kusema na mimi nilishangilia.

Krauni nikaivua kwa mikono yangu.

Damiani akaiosha kwa dizeli, akaikutanisha na mwenzake, wakazunguka kimya kabisa kama hawajawahi kuachana. Nikasema nimeshinda.

Ila plau sasa lina sahani mbili. Linavuta upande kama mlevi. Nikaenda Lindi kwa Mzee Jafari, sahani moja mpya. Elfu thelathini na nane. Nilimeza.

"Chukua tatu," akaniambia.

"Moja."

"Kaka, nakushauri kama ndugu. Tatu."

"Nimesema moja."

Nimefika Miteja nimefunga. Ile mpya ni kubwa kuliko zile kuukuu kwa upana wa kiganja kizima, maana zenyewe zilishalika. Ikawa inachimba peke yake, wenzake wanakwangua nyasi. Mama mkwe alikuja kuangalia, akasimama pembeni ya shamba, akasogeza nyasi kwa kidole cha mguu, akarudi nyumbani. Heri angenitukana.

Nikarudi Lindi. Mzee Jafari alikuwa ameshazitoa mbili, kaziweka juu ya kaunta, zinanisubiri.

"Na shati?" akaniuliza.

Nililima usiku na mchana, kaya kumi na mbili zote. Shamba la mwisho lilikuwa la mama mkwe, kwa sababu nilitaka wengine watangulie wasije wakasema nimependelea. Nazima injini, matone ya kwanza yanaanguka juu ya boneti la moto, tsss. Jioni akaniletea kuku aliyepikwa nazi na ujumbe mmoja tu: jembe la mkono bado liko ukutani.

Haya vijana, ya kuchukua ni haya. Spea used zipo, na nyingine ni nzuri kuliko mpya. Gia zinazofanya kazi pamoja nunua pamoja, soma namba. Uliza ilitoka kwenye trekta gani na lililobaki liko wapi. Na ukikuta chuma unachokitafuta kiko mikononi mwa watu, usikiite chakavu mbele yao. Wao wameshakipa kazi.

Wenye uzoefu karibuni mchangie, na wanaobisha pia karibuni, mimi siogopi mjadala. Kama kuna mtu humu alisoma upande ule wa Kipatimu na anaikumbuka kengele ya sahani, aseme kama bado inalia.

Sehemu ya pili niliyokuwa napapaka rangi ni bei. Miaka yote nikiulizwa gia ile ilinigharimu kiasi gani, najibu elfu kumi na mbili, na watu wanatikisa vichwa kwa kunisifu. Leo, kwa kuwa niliahidi kweli tupu: ukichanganya pinioni, nauli za malori, rimu, kipande cha reli, sahani tatu mpya na siku zote Damiani alizokaa kwangu akisubiri, jumla ilikuwa shilingi laki moja, sabini na moja elfu na mia tatu. Zile mpya za Mzee Jafari, kwenye boksi lake, zilikuwa laki moja na sitini na tano elfu.