Chapa ya Masumbuko

Ukipita Igawa kwa basi, ng'ombe wa Masumbuko utawajua bila kuuliza. Jina lake amewachoma nalo kwa chuma cha moto, herufi kubwakubwa kutoka begani hadi kiunoni, kama tangazo la soda kwenye ukuta wa duka. Sisi wengine tunapiga chapa ndogo chini ya goti. Masumbuko anasema hiyo ni chapa ya watu wanaoona haya kuwa na ng'ombe.

Na huyu ndiye tuliyemchagua mwenyekiti wa kikundi cha wafugaji. Tulistahili. Mikutanoni alisimama na koti lake, akatuhubiria ngozi ya taifa, viwanda vya taifa, kushindana na mataifa, huku miguuni kavaa viatu vya plastiki vya ng'ambo vilivyoanza kubanduka soli. Debe tupu haliachi kuvuma.

Mkewe Atuganile, tunayemwita mama Pendo, hakuwa mtu wa hotuba. Alikwenda Ilula kujifunza kushona makubazi na viatu, akarudi na cherehani yake, na kiwanda kidogo cha kule kikakubali kumsindikia ngozi, mradi ziwe safi. Alitaka karakana yake isimame kwa ng'ombe wa nyumbani. Hakuomba zaidi ya hapo.

Didas, fundi wa kiwanda hicho, alikuja mwenyewe kuziona ngozi. Akapitisha kidole juu ya zile herufi.

"Mzee, sehemu nzuri ya ngozi ndiyo hii ya mgongoni na ubavuni. Umeiunguza yote."

"Jina ni langu na ng'ombe ni wangu!"

"Sawa, mzee. Lakini kiatu hakitoki hapa."

Halafu akazisifu ngozi za jirani yetu Tusajigwe. Masumbuko akavimba, nami nikafurahi, sifichi.

"Ndama wako bado hawajachomwa," Didas akamwambia. "Waache hivyohivyo. Hereni ya sikioni inatosha."

Masumbuko aliahidi mbele yetu wote. Atuganile akawavisha ndama hereni kwa mikono yake mwenyewe, na kila jioni akawa anawapapasa mgongoni kama mtu anayechagua kitenge.

Kiangazi kikaingia, ndama wakawa wananyweshwa karibu na barabara. Siku moja dereva wa lori alisimama kununua mchele, akawaona.

"Ndama wazuri hawa. Wa nani?"

"Wa mama Pendo hao," akajibu Damari, muuza mchele, bila hata kuinua kichwa.

Masumbuko alikuwa amesimama palepale. Mtu mwenye akili angecheka, angejisikia hata fahari. Yeye aliwaswaga ndama hadi nyumbani, akawasha moto. Nilimfuata kumkataza, akaniambia nikachunge mbuzi wangu. Sikio la kufa halisikii dawa.

Atuganile alirudi kutoka mazoezi ya kwaya akakuta uani pananuka nywele zilizoungua. Ndama wa mwisho alikuwa chini, miguu imefungwa, analia. Masumbuko alijifuta jasho, uso umemkunjuka kwa raha.

"Mama Pendo, waone sasa walivyopendeza. Hakuna atakayeuliza tena ni wa nani."

Atuganile alichuchumaa, akamfungua ndama kamba, akangoja mpaka akasimama.

"Hakuna, baba Pendo," alisema. "Kesho nakwenda kununua ngozi kwa Tusajigwe. Na kila kiatu nitakachoshona, ndani nitaandika jina lake."