Mkia Nilioukata Wanale

Msumeno niliushika mimi, fundi mstaafu wa helikopta za jeshi, wala sikulazimishwa na mtu. Helikopta ile kuukuu ilikuwa imekaa miaka mingi shambani kwa mama mmoja kule Wanale, Mbale, kuku wakitaga kwenye kiti cha rubani. Alitupatia bure, tuipeleke Jinja kwenye makumbusho yetu ya kujitolea. Lori tulilopata lilikuwa fupi. Wenzangu walitaka tusubiri jingine. Mimi nikasema tukate mkia, tutauunga tukifika. Nilisema hivyo huku nikijua fika kwamba bati la ndege halichomelewi kama geti.

Jinja tulijaribu kila fundi. Bati lilitoboka kama karatasi. Wenzangu wakaacha kuja mmoja mmoja, na mkia ukabaki nyasini kando ya kiwiliwili, ukinyeshewa.

Juzi yule mama alikuja kuiona. Aliizunguka polepole, akapitisha kidole pale nilipokata. Nikaanza kumweleza habari za vipuri, za mafundi, za lori.

“Kwangu ilikuwa nzima, afande,” akasema, kisha akaniuliza magari ya Mbale yanapandiwa wapi.