Binti Aliyejipunguza Kimo

Kwenye mchujo wa timu ya mpira wa kikapu, Katubuka, ofisa alipima vimo ukutani. Mabinti wengi walijiinua kwa ncha za vidole, akawakemea. Kisha akaja binti mrefu kutoka kijiji cha Mwamgongo, amekunja magoti ndani ya kitenge.

"Dada, mbona wewe unajipunguza?" ofisa akauliza.

"Shikamoo, mzee. Sisi warefu mnatupanga chini ya goli tudake tu. Mimi nataka kudunda mpira na kupanga mchezo."

Kocha wa timu, aliyesimama karibu, akacheka, akamrushia mpira. "Haya, tuoneshe."

Akavua kitenge, akanyooka, akaudunda mpira, akawapita wachezaji watatu waliomkabili.

"Sasa niandike kimo gani?" ofisa akalalamika.

"Chote," kocha akajibu. "Lakini mchezo ataupanga yeye."

Mimi niliyekuwa nikitazama, nimepimwa katika ofisi nyingi. Sijawahi kuulizwa ninachoweza.